Elimu ya Springi kwa Wasiojua Kitu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza. Wazee wangu mliowahi nafasi karibu na dele la kahawa. Mabibi mnaosikiliza nyuma ya madirisha mkidhani hatuwaoni. Na nyinyi vijana wa steji mliokuja bila kualikwa: asalaam aleikum.

Nasimama mbele yenu hapa Kibokoni, Mji wa Kale, kwa unyenyekevu usio na mfano katika kisiwa hiki chote. Mada yangu ya leo ni springi. Sikusema spana, Mzee. Springi. Ule waya wa chuma uliosokotwa chini ya kiti cha pikipiki, mnaoukalia kila siku bila salamu wala shukrani. Hasa nitazungumza juu ya namna ya kuchagua springi ya pikipiki iliyobadilishwa: iliyorefushwa kiti, ikatiwa keria ya chuma nyuma, gadi mbele, mwavuli juu na redio katikati, kisha mwenyewe akashangaa kwamba haiendi tena ilivyokwenda dukani.

Kabla sijaanza, itifaki inanilazimu nijitambulishe, kwa kuwa niliyemwomba anitambulishe amesema hanijui. Mimi ni Profesa wa Springi na Mshauri Mkuu wa Mizigo na Mitikisiko, Mvita na viunga vyake. Cheo hiki nilitunukiwa na kamati ya watu watatu iliyokutana nyumbani kwangu: mimi mwenyewe, mke wangu ambaye alikuwa jikoni, na shemeji yangu ambaye alikuwa amelala. Azimio lilipita bila kupingwa.

Yuko atakayeuliza: je, Profesa, una pikipiki? Sina. Umewahi kuendesha? Sijawahi. Mwamuzi wa mpira hapigi penalti. Aliye juu ya pikipiki ana matuta, ana polisi, ana tuk-tuk inayogeuka bila kuaga, ana abiria anayejifanya amesahau nauli. Apate wapi nafasi ya kufikiri? Kazi ya kufikiri nimeichukua mimi.

(Makofi. Mpigaji ni mmoja, naye ni shemeji.)

Mlango wa Kwanza: Historia, ambayo haikwepeki

Kila elimu yenye heshima hapa kwetu huanza na Ngome. Mreno alianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Nimeikagua pande zote, na natamka kwa uhakika wa kitaalamu kwamba haina springi hata moja. Matokeo yake mnayajua: mwaka 1696 Waomani waliizingira, na mwaka 1698 ikawaangukia mikononi. Sisemi kwamba sababu ilikuwa springi. Nasema wanahistoria wamelipita jambo hili kimya, na ukimya wao unanitia shaka.

Wakati Mreno bado yumo ndani ya Ngome, huko London palikuwa na mtu aitwaye Robert Hooke, ambaye kazi yake ilikuwa kuning'iniza mizigo kwenye vyuma na kuandika kilichotokea. Mwaka 1676 alitangaza kwamba ameivumbua kanuni ya springi, lakini akaitangaza kwa herufi 14 zilizovurugwa ili asiibiwe, na maana yake akaifichua mwaka 1678. Kanuni yenyewe ni hii: springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoikandamiza. Mzigo ukiwa mara mbili, kubonyea mara mbili. Basi. Miaka miwili ya kuficha maneno hayo! Namheshimu sana. Alijua kwamba elimu ikieleweka upesi, bei yake hushuka. Mimi nami nilitaka tangazo la hotuba hii liwe la herufi zilizovurugwa, ila aliyenichapia alikwisha kuzivuruga mwenyewe bila kuombwa.

Turudi kisiwani. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla motokaa hazijaenea, wakubwa wa Mombasa walipanda vigari vya troli vilivyokwenda juu ya reli nyembamba, huku vikisukumwa na watu kwa miguu. Bwana alikaa kivulini, msukumaji akatoka jasho. Hapo ndipo lilipo chimbuko la mada yetu: mwenye safari na mwenye kuubeba uzito wake hawakuwa mtu mmoja. Wahenga wamesema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu hudhani hiyo ni methali ya adabu. Nitawathibitishia kwamba ni kanuni ya uhandisi, na kwamba hapa mjini huvunjwa kila siku kuanzia alfajiri.

Mlango wa Pili: Springi ngumu ni ipi

(Kijana wa pikipiki ya Boxer, kutoka nyuma: "Ami, si ile nyekundu?")

Asante, mwanangu, kwa kunionyesha ukubwa wa kazi iliyo mbele yangu. La. Si nyekundu. Wala si ya manjano, wala si ile iliyobandikwa karatasi yenye picha ya chui. Rangi ni ya macho. Springi haina macho.

Ugumu wa springi ni idadi ya kilo zinazohitajika kuibonyeza milimita moja. Springi ya kilo 2 kwa milimita, ukiipa kilo 20 itabonyea milimita 10. Hata mtoto wa madrasa anaelewa. Mzee wa pale ukutani haelewi, lakini yeye alikuja kwa kashata.

Ugumu huo hutokana na mambo manne: aina ya chuma, unene wa waya, upana wa pindi, na idadi ya mapindi yanayofanya kazi. Sasa nyamazeni, kwa maana hapa ndipo wenzenu huzirai. Unene wa waya huingia katika hesabu kwa kipeo cha nne. Ukitoka kwenye waya wa milimita 7 ukaenda kwenye waya wa milimita 8, na mengine yote yakabaki yalivyo, ugumu unapanda kwa asilimia 71. Milimita moja! Kwa jicho la kichochoroni huioni, lakini mgongo wa abiria wako utaiona kabla hujafika Makadara. Upana wa pindi nao hwenda kinyume, kwa kipeo cha tatu: pindi likiwa pana mara mbili, springi hulainika mara 8. Na mapindi yakizidi wingi, springi huzidi ulaini.

Kwa hiyo mtu anayekuja dukani akaishika springi, akaibonyeza kwa kiganja, akakunja uso na kusema "hii ngumu hii", huyo hajapima springi. Amepima kiganja chake.

(Kicheko. Mwenye kufanya hivyo kila siku yumo barazani. Jina lake nalihifadhi kwa sababu ananidai.)

Mlango wa Tatu: Madhambi matano ya steji

Nimefanya utafiti wa kina katika steji za kisiwa hiki, nikiwa nimekaa upande wa pili wa barabara na glasi ya juisi ya ukwaju. Nimeorodhesha madhambi matano.

La kwanza ni kukata. Kijana anaona springi ni laini, anaipeleka kwa fundi, fundi anaipitishia msumeno. Ikiwa mapindi yanayofanya kazi yalikuwa 10 na sasa ni 8, springi imekuwa ngumu zaidi kwa asilimia 25. Naam, hesabu inakubali. Lakini springi imefupika, pikipiki imeshuka, na nafasi ya kubonyea imepungua kabla mzigo haujapandishwa. Tena kile kichwa cha springi kilichosagwa kiwandani kikalala sawasawa kwenye kikombe chake, sasa ni ncha iliyokatwa, inakalia upande mmoja tu. Umenunua ugumu ukauza mwendo. Biashara hiyo hata pale Biashara Street hawaifanyi.

La pili ni kuchoma. Yuko anayeishika springi kwa koleo na kuitia moto wa gesi mpaka iwe nyekundu, ili aivute iwe ndefu. Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupikwa na kupozwa kiwandani kwa vipimo. Ukikipika upya kichochoroni kinasahau kazi yake. Kitabonyea, lakini kurudi itakuwa ni hiari yake.

La tatu ni kupachika vipande vya mpira wa tairi kuukuu katikati ya mapindi. Mapindi yaliyobanwa hayafanyi kazi tena, kwa hiyo springi inakuwa ngumu, ndiyo. Lakini uzito wote sasa unabebwa na mapindi machache yaliyobaki, nayo huchoka upesi. Na hewa yetu hii ya chumvi, inayotoka baharini bila kulipiwa, inaingia pale mpira unapokwaruza rangi. Kutu huanza na kitobo kidogo, kitobo huzaa ufa, na ufa hungoja siku uliyobeba mgeni.

La nne ni kuinua. Kijana anataka pikipiki iwe juu nyuma, ipendeze, basi anatia shoki ndefu kuliko zilizotoka nazo. Nyuma imepanda, mbele imeinama, usukani umekuwa mwepesi kugeuka kuliko mwenyewe alivyozoea, ulegevu wa mnyororo umebadilika, na stendi ya pembeni imekuwa fupi. Nimeshuhudia pikipiki ya namna hiyo ikiegeshwa vizuri kabisa Ndia Kuu, mwenyewe akaingia dukani, nayo ikamfuata.

La tano ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linagusa heshima ya elimu. Ni zile shoki zenye kichupa cha pembeni, kinachong'aa, kilichochorwa maandishi ya kigeni, ambacho mnunuzi anaamini kimejaa gesi. Katika nyingi za zile za bei rahisi, kichupa hicho hakikuunganishwa na kitu chochote. Ndani hamna gesi, hamna mafuta, hamna tundu. Ni pambo. Nauliza: mtu hubandika vipi alama ya ukubwa juu ya kitu kitupu na kutembea nayo mjini bila haya?

(Kimya. Watu wanamtazama Profesa. Profesa anatengeneza kofia yake.)

Tuendelee.

Mlango wa Nne: Mizigo ya kisiwani na hesabu zake

Springi haichaguliwi mpaka mzigo ujulikane. Kwa ajili hiyo nimetunga Jedwali la Mizigo ya Kisiwani, ambalo natarajia vyuo vikuu vitaliomba.

Daraja la kwanza ni karani wa Treasury Square na bahasha yake. Springi haimtambui. Daraja la pili ni bibi anayetoka Marikiti na kikapu cha nazi, viazi na mkungu wa ndizi mbichi. Uzito wake hautajwi, kwa usalama wangu. Daraja la tatu ni mtungi wa gesi wa kilo 13. Hapa vijana hukosea, maana hizo kilo 13 ni za gesi peke yake, na chuma cha mtungi kina uzito wake na hakikuomba ruhusa. Daraja la nne ni mitungi ya maji ya lita 20, ambayo kila mmoja ni kilo 20 bila kuhesabu plastiki. Daraja la tano ni jodari mzima kutoka Bandari ya Kale, ambaye kichwa kinafika Makadara na mkia ungali Ndia Kuu.

Tuchukue maji, kwa kuwa ndiyo yanayotutesa mifereji inapokauka. Tuseme pikipiki yako ina shoki mbili nyuma, kila moja na springi ya kilo 2 kwa milimita. Zote mbili ni kilo 4. Ukipakia mitungi 3, yaani kilo 60, juu ya tairi la nyuma, mtu wa kawaida atagawanya 60 kwa 4, apate milimita 15, alale usingizi.

Mtu wa kawaida ndiye aliyechelewesha maendeleo ya Afrika Mashariki. Shoki haikusimama wima juu ya ekseli. Imeinama, na imefungwa kwenye mkono unaoshika tairi. Tuseme tairi likipanda milimita 10, springi inabonyea milimita 8. Sasa ugumu unaolifikia tairi si 0.8 ya ule wa springi. Ni 0.8 mara 0.8, yaani 0.64. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu springi inapunjwa mara mbili: kwanza inabonyea kidogo kuliko tairi lilivyopanda, pili nguvu yake ya kurudisha inapita kwenye mkono uleule na kukatwa ushuru uleule. Kilo zako 4 zimekuwa 2.56. Mitungi 3 inakuzamisha milimita 23, wala si 15. Mitungi 6 inakuzamisha milimita 47. Ikiwa safari nzima ya tairi ni milimita 100 hivi, na mwendeshaji na pikipiki yenyewe wamekwisha kula sehemu yao, tuta la kwanza la Makadara utalipokea kwa chuma juu ya chuma.

Hasara haiishii hapo. Nyuma inapozama, mbele inainuka. Usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba na mzito wa kutii. Tairi la mbele, ambalo ndilo lenye kazi kubwa ya kufunga breki, limebaki kugusa lami kwa kujikongoja. Na taa, badala ya kumulika barabara, inamulika roshani za ghorofani, ndiyo maana mabibi wanajua nani amerudi saa ngapi.

Zamani mchukuzi alifarijiwa kwa neno moja: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Leo mitungi ina vifuniko. Hakuna nafuu inayodondoka njiani.

Mlango wa Tano: Malalamiko ya wasio na elimu

(Mama wa mahamri, kutoka mlangoni kwake: "Profesa, mie nauliza. Huyu mjukuu wangu tangu atie springi za kubebea maji, mbaazi zangu zafika zimekuwa supu. Na mgongo waniuma mpaka alfajiri. Hiyo nayo ni elimu?")

Mama yangu, shikamoo. Swali lako halikuwamo katika ratiba, lakini kwa kuwa ni wewe unayetukopesha mahamri nitalijibu kwa upana.

Mjukuu wako alichagua springi kwa siku ya mitungi 6. Siku hiyo huja mara chache. Siku nyingine zote anakubeba wewe, sufuria na kikapu. Springi iliyochaguliwa kwa kilo 120 za maji haioni sababu ya kubonyea kwa mbaazi. Kwa hiyo tuta halisimamishwi na springi. Linapita, linasalimu kiti, linapanda uti wa mgongo, linaingia sufuriani. Mwenye pikipiki anajisifu barazani kwamba mnyama wake habonyei hata kidogo. Ni kweli habonyei. Anayebonyea ni wewe.

(Kijana wa Boxer: "Na yangu je, Ami? Yangu yaruka. Nikipita tuta moja yaruka mara nne.")

Hilo ni jambo jingine, na nalijua vilevile. Shoki ina kazi mbili ndani ya kitu kimoja. Springi hubeba, mafuta yaliyomo ndani ya bomba hutuliza. Springi peke yake haijui kunyamaza. Uliishindilia springi juu ya bomba ambalo mafuta yake yalikwisha kuvuja zamani, ukaliona limelowa ukadhani ni jasho. Sasa springi inarudi kwa nguvu na hakuna wa kuishika. Hata bomba likiwa zima, springi ngumu mara mbili huharakisha mruko kwa asilimia 41, na mafuta yaliyopimwa kwa springi ya kwanza yanazidiwa. Mwenye kubadili springi na asipeleleze mafuta amemwajiri mlinzi akamfunga mikono.

(Mzee wa kashata: "Basi si akaze tu ile ringi ya chini?")

Mzee, nilidhani umelala. Ile ringi yenye vidato inayozungushwa kwa spana yake haibadilishi ugumu wa springi hata kidogo. Springi ya kilo 2 kwa milimita itabaki ya kilo 2 ukizungusha mpaka mkono uote lengelenge. Inachofanya ni kuitanguliza springi kubanwa, ili pikipiki isimame juu zaidi chini ya mzigo uleule. Ni msaada, na ndiyo sababu waliitia vidato: ukiwa peke yako kidato cha chini, ukiwa na mzigo kidato cha juu. Lakini nani kati yenu ameizungusha tangu anunue? Inueni mikono. Naona. Imeshikwa na kutu mahali ilipotoka nayo dukani, na spana yake mlifungulia soda mkaipoteza.

Mlango wa Sita: Kanuni ya Profesa

Sasa nafika kwenye kilele, ambapo nitawafichulia siri ya kuchagua springi. Siri hiyo inahitaji ala za hali ya juu ambazo kwa bahati mbaya hazijafika kutoka Ulaya, kwa hiyo leo nitaieleza kwa nadharia tu, kwa muda wa saa mbili hivi, nikianzia na...

(Hapo kijana wa Boxer anaikalisha pikipiki yake kwenye stendi kubwa katikati ya kichochoro, tairi la nyuma likaning'inia. Anaazima futi kwa fundi cherehani wa jirani. Anapima kutoka kwenye nati ya ekseli hadi kwenye nati ya keria iliyo juu yake. Anaandika ukutani kwa makaa: 480. Anaishusha chini, anapima tena bila mtu: 470. Anapanda yeye na mama wa mahamri na sufuria, mwenzake anapima: 425. Anasema: "Ami, nimezama 55. Safari yangu yote ni mia hivi. Thuluthi ni 33. Hii ni laini, ama vipi?")

Naam! Kama nilivyokuwa nakaribia kusema! Mabwana na mabibi, mlichokishuhudia ni Kanuni ya Profesa, ikionyeshwa na msaidizi wangu ambaye nimemwajiri dakika hii hii bila mshahara. Rudieni pamoja nami. Kipimo cha kwanza, tairi likiwa hewani. Kipimo cha pili, pikipiki ikisimama yenyewe. Kipimo cha tatu, na mwendeshaji na mzigo anaoubeba siku nyingi, sio ule wa kujisifia. Toa cha tatu kwenye cha kwanza. Ukipata karibu na thuluthi ya safari nzima ya tairi, springi yako inafaa. Ukizama zaidi, kaza ringi kwanza. Ikiwa umekaza mpaka mwisho na bado unazama, springi ni laini. Tafuta ngumu zaidi kidogo, tena zote mbili, kulia na kushoto, za aina moja.

Na hapa pana ujanja ambao msaidizi wangu hakuufikia, nami niliuweka akiba. Tuseme umekaza ringi mpaka kipimo cha mzigo kikatoka sawa. Usishangilie. Tazama kipimo cha pikipiki tupu. Ikiwa tupu haizami hata milimita moja, ujue springi ni laini na ringi inaifichia aibu. Ikiwa tupu inazama sana ilhali kwa mzigo iko sawa, springi ni ngumu mno. Vipimo viwili huchunguzana. Kimoja pekee hudanganya.

(Kijana: "Sasa Ami, mie asubuhi nabeba maji, mchana nabeba watu, usiku niko peke yangu. Nipimie upi?")

Swali zuri sana kwa mtu asiyelipa ada. Hakuna springi moja ya kukupendeza saa zote tatu. Ndiyo sababu Bajaj waliipa Boxer springi ndani ya springi, na ndiyo sababu ziko springi ambazo mapindi ya upande mmoja yamekaribiana: yale ya karibu hugusana mapema chini ya mzigo, yanaacha kazi, na springi inakuwa ngumu kadiri inavyobanwa. Laini kwa mama, ngumu kwa maji. Huchaguliwa kwa mzigo wa kila siku, na siku ya mzigo mkubwa ringi hukazwa. Siku ya mzigo uliopita kiasi huitwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni hulipwa haki yake.

Na msiniletee hesabu ya watu. Sheria ya Trafiki ya Kenya imeruhusu abiria mmoja tu nyuma ya pikipiki, na kofia ngumu kwa wote wawili. Nimeona watatu na mtoto juu ya tangi wakishuka kuelekea kivuko cha Likoni, dereva akiniuliza kwa mbali springi gani itamfaa. Hakuna. Springi ya kubeba kosa haijafuliwa.

Maazimio

Kwa mamlaka niliyojipa, baraza hili linaazimia kama ifuatavyo. Springi isikatwe, isichomwe, wala isipachikwe mpira. Rangi isiwe sababu ya bei. Shoki iliyovuja ishughulikiwe kabla ya springi kulaumiwa. Ringi ifunguliwe kutu, ipakwe grisi, na izungushwe kila mzigo unapobadilika. Springi zioshwe kwa maji matamu kila zilipokutana na maji ya bahari. Na mwenye kutaka kuongeza ugumu aulizwe kwanza: unamwongezea nani? Kwa sababu ugumu wowote unaozidi mzigo haupotei. Humwendea aliyekaa nyuma, naye hakushauriwa.

(Mama wa mahamri: "Hapo sasa umesema, mwanangu.")

Nashukuru, Mama. Nawaombeni nyote, kila mwenye pikipiki apime kesho alfajiri, kabla ya mzigo wa kwanza, akiwa na abiria wake wa kila siku amekaa nyuma na sio rafiki mwembamba wa kumfurahisha. Mwenye futi na atumie futi yake. Asiye nayo na aazime kwa fundi cherehani. Na ikibidi anunue, futi moja ni rahisi kuliko shoki mbili, na shoki mbili ni rahisi kuliko mgongo mmoja.